Historia ya Kitafunio cha Mtoto, kutoka Unguja hadi Leicester



Kamati ya Mkutano imenipa nafasi katika kijitabu hiki. Miaka iliyopita ukurasa huu wa historia uliandikwa na wakubwa zangu, nao walitueleza habari za majahazi, za mashamba ya karafuu, na za nani alimwoa nani. Mimi niliyetumikia serikali nikihesabu magunia na kuandika barua, sina elimu hiyo ya nasaba. Kwa hivyo nimeomba ruhusa niandike historia ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto, nacho ni kile kitafunio anachokula baina ya chakula na chakula, hasa anapokula mbele ya wenzake.

Sitaficha kwamba historia hii ilianzia katika ugomvi. Tangu nilipostaafu, kazi yangu ni kumpokea mjukuu wangu kila alasiri katika lango la skuli yake hapa Leicester, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimpokea na peremende mfukoni. Siku moja binti yangu aliufungua mfuko wa koti langu, akazitoa zote, akazimimina katika pipa la taka mbele yangu. Nilimwambia kwamba babu asiyekuwa na kitu mfukoni si babu. Akanijibu kwa adabu, lakini bila ya kupepesa macho: "Baba, wewe ndiye uliyetulea kwa krispi na soda. Sijafika miaka arubaini na daktari ameshaniambia sukari yangu iko mpakani. Huyu mtoto niachie."

Yaliniuma sana maneno hayo, kwa kuwa hayakuwa ya uongo. Wale mliohudhuria mkutano wetu uliopita mtakumbuka ile meza ya wazee. Kabla ya pilau kuletwa, niliwahesabu watu kumi na watatu wakitoa vidonge au sindano za kisukari. Na kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua akicheza mpira, tulimzika baada ya kukatwa mguu kwa maradhi hayo hayo. Basi nikakaa nikajiuliza tulifikaje hapa, sisi ambao utotoni mwetu sukari ilikuwa kitu cha kupangia foleni.

Nilizaliwa mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanafunzi mjini Unguja, serikali ya wakati ule ilipunguza mno vyakula vilivyokuwa vikiagizwa kutoka nje, na mchele, unga na sukari vikawa vya mgao. Vijana wa leo wakisikia hivyo hudhani tunatia chumvi. Visheti na kaimati vilitoweka majumbani, vikawa ni vitu vya sikukuu, na hata sikukuu nyengine zilipita bila ya kuviona. Sisemi kwamba mgao ule ulikuwa neema. Watu waliteseka, na wako waliokamatwa kwa kilo moja ya mchele. Nasema tu kwamba kitafunio cha mtoto wa skuli katika miaka ile kilikuwa kile kilichoota ardhini au kilichoning'inia mtini: muhogo, mbatata tamu, embe mbichi kwa chumvi na pilipili, zambarau, mabungo, kipande cha muwa, na chungwa lililomenywa.

Hilo chungwa nitalieleza kidogo, maana nitalirudia mbele. Mwuzaji alikuwa na kisu kimoja chembamba. Alilizungusha chungwa mkononi, na ganda la juu likatoka utepe mmoja mrefu usiokatika, likabaki lile ganda jeupe la ndani. Kisha akalikata kofia, nawe ukalikamua kwa midomo. Tulilinunua kwa senti tano, na ule utepe wa ganda tukagombania nani auvae shingoni.

Msidhani, hata hivyo, kwamba sisi tulikuwa watoto wasiotamani vya wenzao. Darasani mwetu alikuwako kijana mmoja ambaye mjomba wake alikuwa baharia. Siku moja alikuja na biskuti za kopo. Wakati wa mapumziko tulimfuata kama vifaranga. Mimi muhogo wangu wa kuchemsha niliuficha ndani ya shati nikaurudisha nyumbani mzima, nikamwambia bibi yetu kwamba kuanzia siku ile sitaki tena kula muhogo, kwani muhogo ni chakula cha watu wasiokuwa na mjomba baharini.

Bibi yetu, Mungu amrehemu, hakunigombeza, wala hakuniahidi biskuti ambazo asingeweza kuzipata. Asubuhi ya pili alinifungia muhogo wa watu wawili, na juu yake akatia chatne ya nazi kwa pilipili na ndimu. Akaniambia: "Huu nusu yako, nusu ya mwenzako. Usile mpaka umpe." Nilikwenda nikiwa na aibu. Yule kijana aliuangalia, akaonja chatne, akala nusu yake yote, kisha akanipa nusu ya biskuti bila ya kuombwa. Wiki haikwisha wakawa wanne wananingojea. Toka siku hiyo hadi namaliza skuli, sikumbuki kufungiwa kitafunio cha peke yangu.

Kisa hicho nilikihesabu kwa miaka mingi kuwa ni katika hekaya za bibi tu. Nitakirudia.

Kabla ya hapo, hebu tuitazame sukari yenyewe, kwa sababu katika ukoo wetu tunaizungumza kana kwamba ni mgeni aliyetujia juzi kutoka Ulaya. Sukari na pwani yetu vimejuana zamani, na kwa njia isiyopendeza. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Visiwa hivyo, ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion, baadaye viligeuka mashamba makubwa ya miwa. Mwaka 1825, Mauritius ikiwa imeshakuwa ya Waingereza, sukari yake ilianza kutozwa ushuru sawa na ile ya visiwa vya Karibi, na mashamba yakapanuka mno. Kwa hivyo katika kile kijiko cha sukari cha mtoto wa Kiingereza wa karne ya 19 kulikuwa na jasho la watu waliosafirishwa kutoka pwani yetu. Mwaka 1874 Uingereza iliifuta kabisa kodi ya sukari, na kile kilichokuwa anasa ya matajiri kikawa chakula cha maskini: chai tamu, mkate kwa jemu, na peremende za dukani kwa mtoto mwenye peni moja.

Nilipohamia nchi hii sikujua lolote katika hayo. Nilijifunza baada ya ule ugomvi, nilipoanza kwenda maktaba kila Jumanne. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba Waingereza nao walikuwa na mgao wao. Peremende na chokoleti zilitiwa katika mgao Julai 1942, wakati wa vita, na kwa muda mrefu kila mtu alipata wakia 12 tu, yaani kama gramu 340, kwa wiki nne. Aprili 1949 serikali ilijaribu kuuondoa mgao huo, lakini watu walizivamia peremende kwa wingi hata ikabidi urejeshwe Agosti ya mwaka huo huo. Uliondoshwa kabisa Februari 1953, na ule wa sukari yenyewe ukaondoshwa Septemba mwaka huo. Mara moja ulaji wa sukari wa mtu mzima wa kawaida ulipanda kutoka gramu 40 hivi kwa siku hadi kiasi cha gramu 80.

Mwaka 2024 wataalamu walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya Waingereza waliozaliwa kabla na baada ya kuondoshwa mgao huo. Waliwaona wale ambao siku zao za tumboni na miaka yao ya mwanzo iliangukia wakati wa mgao, kwamba ukubwani hatari yao ya kupata kisukari cha aina ya pili ilikuwa ndogo kwa takriban asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20, wakilinganishwa na waliozaliwa baada yake. Nilipoisoma habari hiyo niliifunga gazeti nikaangalia dirishani. Nilikuwa nikiwafikiria wanangu.

Mji huu wetu wa Leicester nao una sehemu yake katika historia hii. Vile vibanzi vyembamba vya mbatata vya pakitini, ambavyo Waingereza huviita krispi, vilikuwako tangu zamani, lakini hapa mjini vilianza kutengenezwa mwaka 1948 na mchinjaji nyama aliyeitwa Henry Walker. Nyama ilikuwa ya mgao, mabucha yalikuwa matupu kufika adhuhuri, na wafanyakazi hawakuwa na la kufanya, basi wakakata mbatata na kuzikaanga. Njaa ya nyama ndiyo iliyozaa kiwanda ambacho leo pakiti zake zimejaa katika kila mkoba wa skuli wa nchi hii. Sikuweza kujizuia kucheka. Sisi kwa uhaba tulirudi kwenye muhogo wa kuchemsha, na wao kwa uhaba wakazua krispi.

Nilifika hapa mwaka 1998 nikiwa na umri wa miaka 39, baada ya miaka kumi na saba katika idara za biashara kule Unguja. Kazi yangu ya mwanzo huko, kabla milango ya biashara haijafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa kuandika mgawo wa sukari wa maduka. Nimewahi kutukanwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni kwa sababu daftari langu lilisema zamu yake imekwisha. Basi mtu kama huyo mkamtia katika duka kubwa la Kiingereza, rafu ndefu kama uchochoro wa Mji Mkongwe, zote ni biskuti, mnategemea nini? Nilikuwa nikinunua mfuko wa pakiti 24 za krispi kila Jumamosi. Nilikuwa nikiipanga soda chini ya ngazi kwa makreti. Nilijiona baba kamili, ambaye wanawe hawatapanga foleni.

Wanangu wenyewe walinihimiza. Katika wiki ya kwanza mke wangu alimfungia binti yetu sambusa mbili na kipande cha mkate wa kumimina. Alirudi analia. Wenzake walikuwa wameziba pua. Akasema anataka mkate mweupe, krispi, na kile kijipau cha chokoleti kama wanachokula wao. Hatukungoja hata siku ya pili. Mke wangu alitaka tuvumilie kidogo, mimi nikakataa, kwa kuwa nilikumbuka muhogo wangu ndani ya shati, ila nilikumbuka nusu ya kisa. Ile nusu ya bibi niliisahau.

Wala skuli haikutusaidia wakati ule, na hapa ndipo historia inapomwondolea mtu kidogo lawama, ingawa si zote. Nchi hii ilianza kuziruhusu serikali za miji kuwalisha watoto wa skuli kwa sheria ya mwaka 1906. Baada ya vita, kwa sheria ya 1946, kila mwanafunzi alipewa bure theluthi moja ya painti ya maziwa kila siku, na wazee wengi wa hapa bado wanazikumbuka zile chupa ndogo, na jinsi zilivyokuwa za vuguvugu wakati wa joto. Maziwa hayo yaliondoshwa katika skuli za sekondari mwaka 1968, na mwaka 1971 waziri wa elimu wa wakati huo, Margaret Thatcher, akayaondosha kwa watoto waliozidi miaka saba. Kisha sheria ya 1980 ikaondosha viwango vya lishe katika chakula cha skuli. Viwango hivyo havikurudishwa Uingereza hadi mwaka 2001, na vilivyo vikali zaidi vikaja mwaka 2006, baada ya mpishi Jamie Oliver kuwaonesha watu katika televisheni, mwaka uliotangulia, kile walichokuwa wakilishwa watoto wao. Ndipo krispi, peremende na soda zikapigwa marufuku katika jiko la skuli. Binti yangu aliingia skuli mwaka 1998, katikati ya mwanya ule.

Lakini marufuku ya jikoni haifiki katika kisanduku kinachotoka nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walipovipima visanduku vya watoto wa skuli za msingi mwaka 2016, vilivyofikia viwango vilivyowekewa jiko la skuli havikutimia viwili kati ya mia. Kosa hapo ni letu wazazi, na mimi naliandika hili nikiwa mmoja wao.

Wenzetu wa Ghuba wasicheke. Nimewaona watoto wa Muscat wakila chapati iliyojazwa jibini na krispi zilizovunjwavunjwa, tena tamu kweli, nami nilikula mbili. Oman iliiwekea soda kodi ya asilimia 50 mwaka 2019, na Uingereza ilianza kuvitoza ushuru vinywaji vyenye sukari nyingi Aprili 2018, na viwanda vingi vikapunguza sukari ili visilipe. Hayo ni mambo ya serikali, na mimi niliyekuwa mtumishi wake nayaheshimu. Lakini serikali haikai na mtoto benchini wakati mwenzake anapofungua pakiti.

Sasa nimefika kwa mjukuu wangu.

Hapa Uingereza watoto wa miaka minne hadi sita katika skuli za serikali hupewa kila siku tunda moja au mboga bila ya malipo, mpango ulioenea nchi nzima mwaka 2004. Mjukuu wangu katika miaka hiyo alikuwa akila karoti mbichi, na nyanya ndogo ndogo, na peasi, wala hatukusikia neno. Mama yake alidhani amemlea vizuri. Alipofikisha miaka saba akaingia darasa la tatu, na mpango unakoma hapo. Kila mtoto akaanza kuja na chake. Haukupita mwezi mmoja tunda likawa linarudi nyumbani limepondeka chini ya mkoba. Mtoto ni yule yule na karoti ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba zamani wote walikuwa wakiila, na sasa ilibidi aile peke yake.

Binti yangu akashika njia ya kukataza. Krispi zisiingie nyumbani kabisa. Baada ya wiki chache tukakuta pakiti tupu zimekunjwa ndani ya soksi. Nilisoma baadaye kwamba wataalamu wawili wa Marekani, Fisher na Birch, walilichunguza jambo hili mwaka 1999. Waliwawekea watoto wadogo kitafunio ndani ya chombo wakakikataza kwa muda, na watoto wakazidi kukizungumza na kukitamani kuliko kile kilichoachwa wazi. Bibi yetu angeweza kuwaambia bila ya kuwatoza kitu.

Nami nikaleta njia yangu, ya uhodari wa kizamani. Nikamfungia tende. Wenzake wakasema ni mende. Hata daktari wa meno hakuniunga mkono, maana matunda makavu hugandia katika meno na ni bora yaliwe pamoja na chakula. Nikafikiri kashata za njugu zitashinda. Mchana ule ule simu ikalia kutoka skuli: njugu haziruhusiwi hata chembe, kwani wako watoto ambao zinaweza kuwaua. Nilikwenda ofisini kuomba radhi nikiwa na umri wa miaka sitini na kitu, nikasimama mbele ya meza kama mtoro.

Jioni hiyo ndipo nilipokumbuka ile nusu ya pili ya kisa cha muhogo. Na katika maktaba nikakutana tena na huyo Birch, safari hii katika utafiti wake wa mwaka 1980. Alimkalisha mtoto mdogo asiyependa mboga fulani pamoja na watoto watatu au wanne wanaoipenda, siku nne mfululizo. Hakuna aliyemshawishi wala kumtisha. Kufika mwisho watoto wengi walikuwa wanaichagua mboga waliyokuwa wakiikataa, na baada ya majuma kadhaa bado waliipenda. Huo ndio muhogo wa watu wawili. Sisi tulikuwa tunapigana na mtoto, hali ya kuwa mtoto hakuwa akitaka krispi kwa njaa. Alitaka kuwa mmoja wao.

Skuli hairuhusu watoto kupeana chakula, kwa sababu ile ile ya njugu, na sheria hiyo naiona ni ya haki. Kwa hivyo mambo yetu tuliyafanyia nje ya lango, katika bustani iliyo jirani, ambako watoto hucheza baada ya masomo. Nilianza kwa kuwauliza wazazi mmoja mmoja kama mtoto wao ana kitu kinachomdhuru, nikaandika katika daftari, maana ukarani hautoki. Jumatano ya kwanza nilikwenda na machungwa kumi na mbili na kisu kimoja chembamba. Sikumwita mtoto yeyote. Nilikaa benchini nikaanza kumenya.

Utepe wa kwanza ulikatika, mkono umezeeka. Wa pili ulitoka mzima, mrefu, na mjukuu wangu akauvaa shingoni. Nilipoinua kichwa walikuwa wamenizunguka saba. Waingereza hawajui kulila chungwa kwa kulikamua, hilo nalo lilikuwa jambo jipya kwao. Mmoja aliuliza kama hiyo ni michezo ya sarakasi. Machungwa kumi na mbili yalikwisha kabla ya robo saa, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akiyagawa, amejitanua kama sheha.

Jumatano iliyofuata nililetea embe mbichi kutoka maduka ya Belgrave Road, kwa chumvi na pilipili kidogo sana. Wawili walitema. Wengine wakapiga makofi kwa ukali wake wakaomba tena. Bibi mmoja wa Kigujarati aliyekuwa akinitazama toka wiki ya kwanza akaja na dengu za kuchemsha kwa ndimu, na mama mmoja wa Kipolandi akaja na matango ya kuchachua. Bisi tulizozipasua nyumbani bila ya sukari zilipendwa kupita vyote, tena bei yake ni ndogo. Sasa tuna zamu. Daftari lina majina ya nyumba sita.

Wala msinielewe kwamba krispi zimeshindwa. Ijumaa anakula pakiti yake moja kama wengine, kwa ruhusa ya mama yake, na soksi zimesalimika. Iko siku gari la aiskrimu lilipita likipiga muziki wake, watoto wote wakatimka wakaniacha na sahani ya mapeasi mkononi, na mwisho nikawalipia mimi. Na wakati wa baridi, bustani ikiwa matope, tunakosa Jumatano nyingi, na tunda hurudi nyumbani limepondeka vile vile. Hesabu za serikali zinasema kwamba katika Uingereza takriban mtoto mmoja kati ya kumi huanza skuli akiwa na unene wa kupindukia, na wanapomaliza skuli ya msingi ni zaidi ya mmoja kati ya watano. Kati ya miaka ile minne na ile kumi na moja ndipo alipo mjukuu wangu hivi sasa, na sisi watu wa asili ya Afrika na Asia kisukari hutupata tungali na uzito mdogo kuliko wenyeji. Binti yangu hupimwa damu kila mwaka. Safari ya mwisho ilikuwa imeshuka kidogo. Peremende zangu hajanirudishia, nami sijaziomba.

Kamati imeniteua niisimamie meza ya watoto katika mkutano wa mwaka huu. Ile ya mwaka uliopita niliikagua nikakuta chupa kumi na nne za soda na tunda moja, nalo lilikuwa la pambo. Safari hii naomba kila nyumba ilete sinia moja la kitu kinachokulika kwa mkono na kinachotosha watoto wa nyumba mbili. Anayetoka Muscat alete rutabu, lakini azitoe kokwa. Njugu tafadhali zisije. Machungwa nitayanunua mimi makasha matatu, nayo siwezi kuyamenya peke yangu, kwa hivyo wazee wa Unguja mnaojijua kuwa mlikuwa hodari wa kisu njooni saa nne asubuhi, kabla ya watoto hawajafika, ili mikono ipate kukumbuka.